Mchaichai, Mionzi na Mkono Unaochagua

  

Wiki iliyopita, kwenye kipindi hiki cha redio hapa Tunduma mpakani, nilisema kwa kupita tu kwamba wataalamu wa mimea wanaweza kutumia mionzi kupata aina bora zaidi ya mchaichai, kivumbasi, tangawizi na mimea mingine ya dawa yenye harufu. Tangu siku hiyo simu haijapumzika. Wapo waliouliza kama huo si mpango wa kutuletea saratani kwenye kikombe cha chai. Wapo waliotaka kujua miche inapatikana wapi, wapande kesho. Na mama mmoja wa Mlowo akauliza swali fupi: huo mchaichai mpya nitachemsha majani mangapi? Nitalifikia swali lake na nitalipa nafasi, maana kwangu mimi ndilo lililogusa kiini cha jambo.

Nianze na hofu, kwa sababu hofu hii ina asili yake. Sisi watu wa mpakani mionzi tunaijulia barabarani. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, iliyoundwa kwa Sheria namba 7 ya mwaka 2003, ina kazi ya kupima vyakula vinavyoingia na kutoka nchini ili kuhakikisha havina mionzi iliyozidi. Mfanyabiashara wa mchele au mahindi anajua cheti cha vipimo hivyo kinavyosubiriwa. Kwa hiyo mtu aliyezoea kusikia kwamba mionzi ni kitu cha kutafutwa kwenye chakula ili kizuiwe, leo anaambiwa kuna watu wanaipiga mimea mionzi kwa makusudi. Akishtuka, ana haki.

Lakini hayo ni mambo mawili mbalimbali. Anachokitafuta mkaguzi ni vumbi au chembe za kitu chenye mionzi zilizochanganyika na chakula chenyewe, kama sezimu iliyoangukia mashamba na malisho ya Ulaya baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986. Chembe hizo ukizila unakwenda nazo tumboni, na zinaendelea kutoa mionzi humo humo. Mbegu inayopigwa mionzi maabara haichanganywi na chochote. Chanzo cha mionzi kimefungiwa ndani ya chuma, mbegu inawekwa mbele yake kwa muda uliopimwa, miali inapita, mbegu inaondolewa. Haibaki na kitu. Mgonjwa aliyepigwa picha ya eksirei hospitali ya Vwawa anarudi nyumbani bila mionzi mwilini, na wagonjwa wa saratani waliotibiwa hospitali ya Ocean Road kwa mashine za kobalti kwa miaka mingi walirudi kwao wakawakumbatia watoto wao bila kuwadhuru. Miali ya gama ya kobalti haina nguvu ya kuugeuza mmea uwe chanzo cha mionzi. Hilo limepimwa na kupimwa tena.

Na kwa kuwa nimeitaja kobalti, hebu tuitazame karibu, kwa sababu inapita mbele ya macho yetu. Malori yanayotoka Kolwezi na Likasi, yakavuka Kasumbalesa, yakaikata Zambia mpaka Nakonde na kuingia kwetu kuelekea bandari ya Dar es Salaam, mengi yamebeba shaba, na mengine yamebeba kobalti. Kongo peke yake inachimba takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Kobalti hiyo inayopita Tunduma haitoi mionzi. Sehemu kubwa inakwenda kutengenezewa betri za simu na za magari ya umeme. Wataalamu wanaiita kobalti 59. Ukiitia ndani ya tanuri la nyuklia na kuiacha humo mwaka mmoja au zaidi, inameza chembe moja ya ziada na kuwa kobalti 60. Hiyo sasa ndiyo inayotoa miali ya gama, ile ya kutibu saratani, ya kusafisha vifaa vya hospitali na ya kupiga mbegu. Kila baada ya miaka mitano na kidogo nguvu yake inapungua nusu, ndiyo maana fundi wa maabara hulazimika kukokotoa upya muda wa kuiweka mbegu mbele yake.

Mbegu inafanywa nini hasa pale ndani? Miali inapenya mpaka kwenye seli na kukata au kujeruhi nyuzi za vinasaba, yaani zile zinazobeba maelekezo ya mmea uweje: urefu, rangi, harufu, muda wa kukomaa. Seli ikiwa hai inajitahidi kuziunga nyuzi zake. Mara nyingi inaunga sawasawa. Mara chache inaunga vibaya, na kosa hilo linabaki, linarithiwa na mimea inayofuata. Mwaka 1927 Hermann Muller alionyesha jambo hili kwa nzi wa matunda, akaja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1946. Mwaka 1928 Lewis Stadler, kule Missouri, Marekani, akalionyesha kwa shayiri. Makosa ya namna hii hutokea shambani hata bila maabara, kwa jua na kwa bahati ya seli inapogawanyika, ila hutokea polepole. Mionzi inayaharakisha.

Kiasi kinapimwa kwa kipimo kiitwacho grei. Binadamu akipigwa grei tano mwili mzima kwa mara moja, bila matibabu huenda asipone. Mbegu kavu ya mpunga inapigwa grei 200 hadi 300 na bado inaota, kwa sababu ndani yake hakuna maji mengi na seli zimelala. Kipande kibichi cha tangawizi au shina la mchaichai hakivumilii kiasi hicho. Kinahitaji dozi ndogo zaidi, la sivyo kinaoza.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mionzi haijui dawa. Haijui ipi ni harufu nzuri, wala haijui mdudu wala ukame. Inavuruga tu, na inavuruga kwa kubahatisha. Ni kama kuutikisa mwembe usiku: yanaanguka mabivu, mabichi na yaliyooza, na kazi yenyewe ni ya asubuhi, ya kuokota na kuchambua. Miche mingi inayotokea ni vilema: mingine inaota myeupe bila ukijani na kufa wiki hiyo hiyo, mingine inadumaa, mingine haizai. Katika maelfu, mmoja au wawili ndio wenye kitu kinachotakiwa. Anayeuboresha mmea ni mtu anayechagua. Hilo ndilo ninalotaka mlishike leo, na yote yaliyobaki yanatoka hapo.

Tuangalie waliochagua wakafanikiwa, na tuanze na wa karibu. Zanzibar, watafiti wa Kizimbani wakisaidiwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, waliuchukua mpunga wa Supa, huu huu tunaoupenda kwa harufu yake, wakapiga mbegu mionzi, wakachagua kizazi baada ya kizazi, wakapata aina yenye mavuno mengi zaidi iitwayo SUPA BC. Kenya wana ngano ya Njoro-BW1, iliyotolewa mwaka 2001 kwa ajili ya maeneo yenye mvua haba. Baadaye timu ya Profesa Miriam Kinyua katika Chuo Kikuu cha Eldoret ikatoa Eldo Ngano 1 mwaka 2014, inayohimili kutu ya shina ya Ug99, ugonjwa ulioonekana kwanza Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuitia hofu dunia nzima ya wakulima wa ngano. Na hata nje ya mimea, Unguja hakuna tena mbung'o, kwa sababu katikati ya miaka ya 1990 madume ya mbung'o waliofugwa Tanga walipigwa mionzi wakawa tasa, wakaachiwa kwa ndege juu ya kisiwa mpaka uzazi ukakatika. Kwa hiyo anayesema teknolojia hii ni ngeni kwetu hajatazama nyuma.

Katika orodha ya IAEA na FAO ya aina za mimea zilizopatikana kwa njia hii, ambayo imevuka 3,300, mpunga ndio unaoongoza. Mimea ya dawa yenye harufu ni michache humo. Sababu inaeleweka: serikali na wafadhili wanafikiria kwanza tumbo. Lakini mfano mmoja wa mmea wa harufu ni mkubwa kiasi kwamba pengine umeupitisha kinywani bila kujua.

Huo ni mnanaa wa aina ya pepaminti. Pepaminti ni mtoto wa minanaa miwili iliyochanganyika yenyewe, na mtoto huyo ni tasa: hatoi mbegu za kufaa, anapandwa kwa vipande vya mizizi. Wamarekani walikuwa wakilima aina iitwayo Mitcham, iliyotoka Uingereza, mafuta yake yakiingia kwenye pipi, bablishi, dawa za meno na dawa za tumbo. Ukaja ugonjwa wa kunyauka unaoletwa na kuvu anayekaa kwenye udongo miaka na miaka. Shamba likishaingiliwa, basi. Mkulima wa kawaida angesema tuichanganye na mnanaa mwingine wenye kinga, lakini utaichanganya vipi na ilhali haizai? Ndipo, katikati ya miaka ya 1950, mtafiti Merritt Murray wa kampuni ya A. M. Todd ya Michigan alipopeleka vipande vya mizizi maabara ya Brookhaven, New York, vikapigwa mionzi.

Kilichofuata ndicho kinachonifurahisha. Hawakuitunza ile miche kwenye nyumba za vioo. Waliipanda kwa makumi ya maelfu kwenye udongo ule ule uliokwisha kuharibika, wenye kuvu, na kuiacha ipambane. Karibu yote ikafa. Iliyosalia ikapandwa tena kwenye udongo mbaya, na tena. Kisha yale mashina machache yaliyovuka yakakamuliwa mafuta, na mafuta yakapelekwa kwa watu wa kunusa na kuonja, kwa sababu mnanaa wenye kinga lakini usiokuwa na ladha ya pepaminti hauna mnunuzi. Todd's Mitcham ilitolewa mwaka 1971, Murray Mitcham ikafuata miaka michache baadaye, na zikalimwa kwa wingi Marekani. Hesabu mwenyewe: tangu kupiga mionzi mpaka mkulima kupata mche ni zaidi ya miaka 15. Mionzi yenyewe ilichukua muda mfupi tu. Miaka yote iliyobaki ilikuwa ya kuchagua.

Rudi nyumbani sasa, utazame lile kundi la mchaichai lililo pembeni ya jiko au karibu na bomba. Umewahi kuliona likichanua? Mchaichai wetu huchanua kwa nadra sana. Hauna mbegu za kuuzwa dukani. Ulioko kwako ulipewa na jirani, naye alipewa na shemeji yake, na kila mmoja alichomoa shina lenye kipande cha mzizi, akakata majani juu na kuchomeka ardhini. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mchaichai wa mtaa mzima ni mmea mmoja uliogawanywa. Ukija ugonjwa unaoumudu huo mmoja, umeimudu yote. Na kuuboresha kwa kuchanganya dume na jike karibu hakuwezekani. Ndiyo maana nasema mchaichai, na tangawizi pia, ambayo nayo haizai mbegu, zinafanana na pepaminti kuliko zinavyofanana na mpunga, na ndizo mionzi inazoweza kuzisaidia kuliko njia nyingine.

Kuna ugumu wake. Ukipiga mionzi shina la mchaichai, ndani ya chipukizi moja seli moja imebadilika na ya jirani haijabadilika. Mmea unaotokea ni mchanganyiko: upande huu mpya, upande huu wa zamani. Ukikimbilia kuugawa kwa wakulima, nusu yao watapata kitu na nusu watapata mchaichai wao wa siku zote. Inabidi kuligawa kundi shina kwa shina, kuyapanda mbalimbali, kusubiri yatoe mashina mapya, kuyagawa tena, mara tatu, mara nne, mpaka mabadiliko yatulie kwenye shina zima. Siku hizi maabara za kukuza tishu zinafupisha safari hiyo, lakini haziiondoi.

Kisha unapima nini? Mkulima wa mahindi wa Mbozi anahesabu magunia. Mkulima wa kahawa anahesabu kilo, na kama ni mche wa taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, kutoka Mbimba, anaangalia kama ugonjwa wa chulebuni umemkwepa. Kwa mchaichai, urefu wa jani unaweza kukudanganya. Kinachotafutwa ni mafuta yaliyo ndani ya jani, na kwenye mafuta hayo, kemikali iitwayo sitrali ndiyo inayotoa ile harufu ya limau. Kilo 100 za majani mabichi kwa kawaida hazitoi hata kilo moja ya mafuta. Shina lenye majani makubwa linaweza kuwa na mafuta kidogo kuliko lililodumaa. Hapo panahitajika mtungi wa kukenekea, mashine ya kutenganisha kemikali, na mtu mwenye subira.

Na panahitajika pua. Nendeni sokoni hapa Tunduma kwa akina mama wanaouza dawa za majani. Mmoja wao, bibi mtu mzima, aliniwekea mbele mafungu mawili ya kivumbasi ambayo kwa macho yangu yalikuwa kitu kile kile. Akavunja jani la fungu la kwanza, akalisugua kati ya vidole, akanipa ninuse. Likanuka karafuu. Akavunja la pili. Hilo likanuka kama dawa ya kuchua, kali, ya kupandisha machozi. Akaniambia, mwanangu, hiki ni cha jino na tumbo, na hiki ni cha kifua, wala usivichanganye. Wanakemia nao wamekwisha kuthibitisha kwamba kivumbasi kina makabila kwa ndani: kimoja kimejaa yujenoli, ambayo ndiyo kemikali kuu ya mafuta ya karafuu, na kingine kimejaa thaimoli. Bibi yule anazijua tofauti hizo kwa vidole na pua. Mradi wowote wa kuboresha kivumbasi utakaomwacha mtu kama huyu nje ya uzio wa shamba la majaribio utakuwa umejinyima chombo cha kupimia kisichohitaji umeme.

Wenzetu wa Kakamega, Kenya, walilielewa hilo. Kikundi cha wakulima cha Muliru, pembeni ya msitu wa Kakamega, kikishirikiana na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe cha Nairobi, kilianza kulima kivumbasi chenye harufu ya kafuri, jamaa wa kivumbasi chetu, ambacho wanasayansi wamekipa jina la Kilimanjaro. Wanakenekea mafuta na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub, na mwaka 2010 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hawakutumia mionzi hata kidogo. Walianza na kilichokuwepo, wakakijua, wakakipima, wakakitafutia soko. Nami kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua ya kwanza hata kwa anayetaka mionzi baadaye. Kutoka Ileje yenye baridi na mvua mpaka bonde la Ziwa Rukwa lenye joto, mkoa huu wa Songwe una tofauti kubwa ya hali ya hewa, na mimea yetu lazima inatofautiana. Tuikusanye kwanza. Pengine shina tunalolitafuta tayari liko nyuma ya nyumba ya mtu.

Sasa nirudi kwa yule mama wa Mlowo: majani mangapi?

Tiba zetu za majani zina vipimo, ingawa havijaandikwa. Kiganja kimoja. Mabua matatu. Kikombe asubuhi na jioni. Vipimo hivyo vilipatikana kwa vizazi vya watu waliojaribu na kuona, na vilipatikana juu ya mmea ule wa zamani. Ukileta kivumbasi chenye mafuta mara mbili, kile kiganja cha bibi kimekuwa viganja viwili, na hakuna aliyemwambia. Kwa mchaichai wa chai madhara yake si makubwa. Kwa mmea wenye kafuri ni hatari: kafuri ikizidi inaweza kumtia mtoto mdogo degedege. Mafuta ya karafuu yakizidi yanaumiza ini. Kwa hiyo kwenye mimea ya dawa, kuongeza nguvu si lazima kuwe ndiko kuboresha. Mimi ningependa zaidi mmea wa nguvu ile ile siku zote, kiangazi na masika, Vwawa na Kamsamba, ili kiganja kibaki kiganja. Mchaguaji anayetafuta usawa huo anafanya kazi ngumu kuliko anayetafuta namba kubwa, na ni kazi yenye faida zaidi kwa mgonjwa.

Ushahidi wa jambo hili tunao kwenye malaria. Dawa ya mseto, ambayo Tanzania ilianza kuitumia kama tiba ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2006, ina kiungo kinachotokana na mmea wenye harufu kali uitwao atemisia, wengine wanauita pakanga. Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alifika kwenye kiungo hicho baada ya kusoma maandishi ya tiba ya kale ya kwao. Tatizo la atemisia ni kwamba kwenye majani makavu, dawa yenyewe kwa kawaida ni kiasi cha asilimia moja au chini ya hapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, wakiongozwa na Ian Graham, walizivuruga mbegu kwa kemikali badala ya mionzi, ila mantiki ni ile ile, wakachuja zaidi ya mimea 20,000 kutafuta michache yenye dawa nyingi, na mwaka 2010 wakachapisha ramani ya vinasaba vyake. Kwa kiwanda, hiyo ni kazi nzuri sana, maana kiwanda kinakamua dawa, kinaipima na kuiweka kwenye kidonge kwa miligramu.

Kwa birika la nyumbani ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai ya atemisia, kwa sababu kikombe cha leo si sawa na cha kesho, na dozi pungufu inawafundisha vimelea kuizoea dawa. Na vimelea vilivyoanza kuizoea vimekwisha kuonekana Rwanda, Uganda, na hapa nchini kwetu Karagwe mkoani Kagera. Sisemi hili kuwatisha. Nasema kwa sababu mwaka 2020, wakati wa korona, tulijifukiza sote, mchaichai na mkaratusi vikapanda bei, ndege ikaenda mpaka Madagaska kuleta dawa ya atemisia, na wachache sana kati yetu waliuliza kiasi gani. Mama wa Mlowo ameuliza. Tumshukuru.

Atemisia ina jambo jingine la kumwambia mkulima. Katikati ya miaka ya 2000 bei yake ilipaa, wakulima wa Kenya, wa Kabale Uganda na wa kwetu Arusha wakahimizwa kupanda. Ilipofika 2007 bei ikaporomoka, na wengi wakang'oa. Mmea ulikuwa bora, soko halikuwepo. Kwa hiyo anayeniuliza miche ya mchaichai wa mionzi inapatikana wapi, namwambia ukweli: usimpe mtu hela yako. Yeyote atakayepita Mlowo au Tunduma akiuza mche wa mionzi kwa bei ya kuruka, muulize aina hiyo ilisajiliwa lini, na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, imeithibitisha wapi.

Wengine wameuliza kama hii ni GMO. Hapana. Kwenye GMO mtaalamu huchukua jeni analolijua na kuliingiza, mara nyingi kutoka kiumbe kingine, na majaribio ya namna hiyo yaliyokuwa Makutupora, Dodoma, serikali iliyasimamisha mwaka 2018. Kwa mionzi hakuna kinachoingizwa. Ila wasiwasi mmoja wa wapinzani wa GMO nauchukua mzima mzima na kuuleta huku: nani atakuwa mwenye mmea? Tanzania ina sheria ya haki za wagunduzi wa aina za mimea ya mwaka 2012, na mwaka 2015 tuliingia kwenye umoja wa kimataifa wa UPOV unaolinda haki hizo. Shina likitoka kwa bibi wa Ileje, likapigwa mionzi ughaibuni, likasajiliwa kwa jina la taasisi, bibi anabaki na nini? Hilo lizungumzwe na kuandikwa kabla shina halijang'olewa ardhini. Baada ya hapo ni kuchelewa.

Je, kwetu inawezekana? Inawezekana, na haihitaji mtambo wa kobalti hapa Tunduma. Tanzania ni mwanachama wa IAEA tangu 1976, na maabara za shirika hilo za Seibersdorf, karibu na Vienna, Austria, hupokea mbegu na vipando kutoka nchi wanachama na kuvipiga mionzi kwa kiasi kilichokubaliwa. Kazi ya kuchagua inaweza kufanywa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, mwendo wa saa chache kutoka hapa. Kupima kemikali na usalama, Taasisi ya Tiba Asili ya chuo kikuu cha afya cha MUHAS ina watu wa kazi hiyo. TAEC wanaujua mlango wa kupitia. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaketisha meza moja pamoja na wauza dawa za majani wa mkoa huu, na sioni kwa nini mtu huyo asitoke Songwe.

Ningeulizwa waanze na mmea gani, ningesema mchaichai: hauna hatari kubwa, unanyweka kila nyumba, unapandwa kwa mashina, na mafuta yake yana wanunuzi kwenye sabuni na dawa za mbu. Atemisia tuwaachie wenye viwanda.

Kwa wiki ijayo nina ombi. Kama una mchaichai au kivumbasi ambacho harufu yake si ya kawaida, kinanuka zaidi, kinanuka tofauti, au kimevumilia ukame ambao vingine vilikufa, nitumie ujumbe kwa namba ile ile ya kipindi. Andika kijiji chako, umekipata kwa nani, unakitumia kwa nini, na kiasi gani. Usikitume chenyewe, usikigawe kwa mgeni. Nitasoma ujumbe wenu hapa hewani Jumatano, na afisa kilimo wa wilaya amekubali kuwepo studio kujibu.